Sweta la Mkono Mmoja

Sweta lilipita paji la uso, likafika masikioni, likagoma. Halikupanda wala halikushuka. Kwa muda wa pumzi mbili hivi watu wote sebuleni walikuwa bado wanatabasamu, maana kichwa kidogo kilichofunikwa na uzi wa bluu kinachekesha. Kisha mtoto akalia, na kilio chake kikatoka ndani ya sweta kama cha mtu aliyefungiwa stoo.

"Livute juu," alisema mama wa mtoto.

"Navuta, mwanangu."

"Juu, Mama! Unalivuta chini!"

Fundi Sweta alivuta juu, akavuta chini, akajaribu kuingiza kidole kwenye shingo ya sweta, na kidole hakikupata nafasi. Miaka thelathini na moja alikuwa amefuma masweta ya wanafunzi, na hakuna mtoto aliyewahi kukwama. Leo mkwewe, huyo mama wa mtoto, alikuwa na wageni: wenzake wawili kutoka kiwanda cha biskuti, waliokuja kumwona mtoto, na mama yake mzazi, aliyesafiri saa tatu kwa basi. Mama huyo alifundisha watoto wa chekechea mpaka akastaafu, na kila mtu, hata kondakta wa basi, alimwita Mwalimu. Fundi Sweta alikuwa ameisubiri siku hii ili amvalishe mjukuu wake mbele za watu.

"Mkasi," alisema Mwalimu. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu aliyezoea kunyamazisha watoto arobaini kwa neno moja.

Mkwe alikimbia jikoni, akarudi na mkasi wa kukatia pakiti za maziwa. Fundi Sweta akanyoosha mkono kuupokea. Mkasi ukapita mbele ya mkono wake, ukaenda kwa Mwalimu. Mwalimu aliingiza vidole viwili kati ya uzi na shavu la mtoto, akakata kuanzia shingoni mpaka kwapani. Kichwa kikatoka, chekundu, kimelowa jasho, na mistari ya ukosi imejichora kwenye paji la uso.

"Dada," alisema Mwalimu, akimkabidhi mtoto kwa mama yake, "kichwa cha mtoto mchanga si mguu wa meza. Utosi wenyewe bado haujafunga."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi hujanikosea. Mwombe radhi huyu."

Mmoja wa wale wageni wa kiwandani, mwanamke mwenye roho nzuri, alitafuta neno la kusaidia. Akaokota mwanasesere aliyekuwa kwenye kochi, aliyefumwa kwa kroshia kwa uzi uliobaki wa masweta ya shule, bluu na mstari mwekundu kifuani.

"Na huyu punda ni mzuri kweli! Nani kamfuma?"

"Ni sungura," alisema Fundi Sweta.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kama wangecheka.

Wageni walipoaga, Fundi Sweta alikuwa jikoni anaosha vikombe. Mwalimu alisimama mlangoni na binti yake, akasema kwa sauti ya chini iliyofika jikoni bila taabu yoyote.

"Kazini unarudi lini?"

"Jumatatu ijayo, si hii."

"Basi Jumamosi ya kabla yake nitakuja kumchukua mtoto. Atakaa kwangu mpaka atembee."

"Mama, tulishapatana atabaki hapa na Mama—"

"Mlipatana kabla ya leo."

Fundi Sweta alingoja amsikie mkwewe akijibu. Alisikia mlango ukifungwa. Akakichukua kikombe alichokwisha kukiosha, akakiosha tena.

*

Mwanawe, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi, alirudi saa kumi na mbili jioni, nyusi zikiwa nyeupe kwa rangi ya dari. Alimkuta mama yake kwenye meza ya mashine ya kufumia, sweta lililokatwa limetandazwa mbele yake, daftari la vipimo liko wazi.

"Nimesikia," alisema.

"Nani hajasikia?"

"Pale dukani wameniuliza kama ni kweli umemvalisha mjukuu wako gunia."

"Waambie gunia lina shingo pana."

Akacheka, kisha akaona kwamba mama yake hacheki. Akavuta kiti. Mama alimwonyesha daftari. Kila shule ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na namba: ishirini na mbili, ishirini na nne, kuendelea mpaka wale wavulana wenye ndevu. Namba ishirini na mbili ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza. Chini ya hapo hapakuwa na kitu, kwa kuwa hakuna shule inayopokea wanafunzi wa wiki sita. Kwa ajili ya Mgeni (ndivyo walivyomwita mtoto, wakati wazazi wake wakiendelea kubishania jina) alikuwa amechukua namba ishirini na mbili, akaipunguza theluthi moja kila mahali: kifua, urefu, mikono, shingo.

"Nimerudia hesabu mara tatu," alisema. "Haina kosa. Sasa kama hesabu haina kosa, basi mtoto ndiye…"

"Mama, tafadhali. Usije ukamwambia mke wangu kwamba mtoto ndiye mwenye kosa."

"Sijasema."

"Ulikuwa unaelekea huko."

Mama akalifunga daftari. Ng'ambo ya ukuta mtoto alikuwa ananyonya, na mkwe alikuwa anamwimbia taratibu wimbo usio na maneno.

"Mkeo anasemaje?"

"Anasema mama yake ana haki ya kuogopa."

"Na wewe?"

Mwanawe alikwangua rangi kwenye ukucha wa dole gumba. "Mimi nimepiga hesabu ya mabasi. Tutakuwa tunamwona mara moja kwa mwezi. Mpaka atembee, atakuwa ameniona mara kumi na mbili, Mama. Fundi bomba anaonekana zaidi ya hapo." Akainuka kwenda kunawa. "Ataniita mjomba."

*

Siku zilizofuata hakuna aliyemkosea Fundi Sweta adabu. Mkwe alimwamkia asubuhi, akampakulia chakula, akamuuliza goti lake linaendeleaje. Ila mtoto hakumkabidhi. Alipokwenda kuanika nguo alimbeba. Alipokwenda kuoga alimlaza kwenye beseni kavu, akaingia na beseni bafuni, na Fundi Sweta akasikia maji yakimwagika kwa haraka haraka, kikombe kimoja kimoja, ya mtu anayeoga huku anachungulia.

"Nipe nikushikie, mwanangu."

"Pumzika tu, Mama. Amelala."

Mtoto alikuwa anapiga kelele kama king'ora.

Siku ya tatu Fundi Sweta alikwenda kwenye kamba ya nguo, akaangaza huku na huku kama mwizi, akapima kofia ya mtoto iliyoanikwa. Ilimpa namba moja ikiwa imelala, namba nyingine ikivutwa, na namba ya tatu alipoiweka kwenye goti lake. Akairudisha kwenye kibanio. Alipogeuka, mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani.

"Unatafuta nini, Mama?"

Angeweza kusema anageuza nguo zikauke. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa mtu wa vipimo, na uongo ulimsumbua kama mshono uliopinda.

"Natafuta nilipokosea. Nimeangalia kwenye daftari sijapaona. Nataka kumpima mtoto. Sitamgusa. Tepu utashika wewe, mimi nitaandika tu."

Mkwe alimhamishia mtoto bega la pili. Tangu aolewe katika nyumba ile alikuwa ameona walimu wakuu wakija kubishana na mama huyu kuhusu masweta, wakaondoka wamekubali. Hakuwahi kumsikia akisema maneno yale: nilipokosea.

"Haya," alisema. "Lakini akiamka tunaacha."

Wakamlaza Mgeni kitandani juu ya kanga. Mkwe alizungusha tepu kichwani, juu ya masikio, kama alivyoelekezwa.

"Thelathini na nane."

"Kifua."

"Thelathini na saba."

"Umeibana tepu. Rudia."

"Sijaibana, Mama. Thelathini na saba."

Fundi Sweta aliziandika namba mbili, moja chini ya nyingine, akabaki anazitazama. "Kichwa kimezidi kifua," alisema polepole.

"Kwani watoto si ndivyo walivyo?"

"Sikujua."

"Na wewe umezaa!"

"Nimezaa mmoja, na sikumpima. Waliokuja kupimwa kwangu wote walikuwa wanajua kuhesabu mpaka kumi." Akavua miwani, akaifuta na upindo wa gauni. "Nilimfanya mwanafunzi aliyepunguzwa. Kumbe mtu anaanza na kichwa, mwili unamfuata baadaye."

Mkwe alicheka, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa. "Ndiyo maana ilinichukua saa kumi na nne kumzaa."

Wakacheka wote wawili, wakajiziba midomo mtoto asiamke. Wakapima urefu wa mgongo. Wakapima bega.

"Sasa mkono," alisema Fundi Sweta. "Mvue hizo glavu, tupime mpaka kwenye kifundo."

Mkwe hakusogea. "Pima juu ya glavu."

"Glavu inaongeza."

"Si utakisia tu, Mama."

"Kukisia ndiko kumenifikisha hapa."

Mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda. Ndipo Fundi Sweta akakumbuka kwamba glavu zile hazijavuliwa siku nyingi, hata mchana wa jua. Akalaza kalamu juu ya daftari, akasubiri.

Mkwe aliivua glavu ya kulia. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na kidonda kidogo chenye gamba jeusi, hakizidi punje ya mtama.

"Nilikuwa namkata kucha," alisema, na sauti ikaanza kumponyoka. "Nikakata nyama. Damu, Mama! Kidole kidogo hivi, damu yote ile. Nikamfunika. Sijamwambia mtu. Hata baba yake hajui. Halafu wewe ukakwama na sweta, na mimi… mimi nilifurahi. Unanielewa? Nilifurahi kwamba siyo mimi peke yangu."

Fundi Sweta aliinamia kile kidole bila kukigusa. "Lini?"

"Jumanne ile, kabla ya wageni."

"Ulimpaka nini?"

"Maji ya chumvi, ya vuguvugu."

"Kimekauka vizuri. Sasa kiache kipate hewa." Akachukua kalamu. "Nisomee mkono."

Mkwe alijifuta machozi kwa kiganja, akanyoosha tepu. "Kumi na tano."

"Kumi na tano," alirudia Fundi Sweta, akaandika.

*

Sweta jipya hakulifuma kwa mashine. "Ile inajua wanafunzi tu," alisema. Alilifuma kwa sindano mbili, kipande kwa kipande, kwa uzi laini wa rangi ya kiini cha yai aliouchagua mkwe mwenyewe. Mabega yote mawili aliyaacha wazi, yafungwe kwa vifungo, ili kichwa kipite bila kuomba ruhusa. Mara mbili alifumua mgongo kwa sababu ya kitanzi kimoja kilicholegea.

"Mama, hicho hata hakionekani," alisema mwanawe.

"Wewe ukiacha alama ya brashi ukutani, unalala?"

"Nalala fofofo. Naweka kabati hapo."

Alhamisi jioni mkwe alimlaza Mgeni kwenye mapaja ya bibi yake, bila maelezo, kama mtu anayeweka mfuko chini ili atafute ufunguo, akaenda kuoga. Alikaa bafuni mpaka maji yakaisha kwenye ndoo. Fundi Sweta hakufuma hata kitanzi kimoja muda wote huo. Aliogopa kupumua.

Lakini la Jumamosi hakuna aliyeligusa. Ijumaa begi la mtoto lilitokea karibu na mlango, limefungwa zipu. Fundi Sweta alilipita akienda uani, akalipita akirudi. Alikuwa na mdomo wa kuuliza, ila aliona hana haki. Mtoto ana mama, na mama ana mama yake.

*

Mwalimu alifika Jumamosi saa nne, saa moja kabla ya muda aliosema, kwa kuwa alipata basi la mapema. Mkono mmoja wa sweta ulikuwa umeshashonewa. Wa pili ulikuwa bado kwenye sindano, mistari minane tu.

"Mko tayari?" aliuliza, hajakaa. "Basi la kurudi ni saa sita."

Mwanawe Fundi Sweta, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alilichukua begi, akalipachika begani. Hakuna aliyemwambia alichukue. Alitaka kufanya kitu.

Mkwe alitoka chumbani na mtoto aliyevaa fulana tu. Hakwenda kwa mama yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Sweta, akamkabidhi mtoto.

"Mvalishe, Mama."

"Halijaisha, mwanangu. Mkono mmoja haupo."

"Mvalishe hivyo hivyo."

Mwalimu alisogea karibu, mkono tayari kama wa mtu anayesubiri kitu kianguke. Fundi Sweta alifungua vifungo vinne. Akalishusha sweta juu ya kichwa cha Mgeni, na mabega yakafunguka, kichwa kikapita kama jua linavyopita dirishani. Mtoto akapiga mwayo. Bibi akafunga vifungo, kimoja kimoja. Mkono wa kushoto ukawa na sweta. Wa kulia ukabaki mtupu, ukipunga hewani.

"Loh," alisema Mwalimu, na tumpe haki yake, alikubali. "Hili sasa ni sweta." Akaushika ule mkono mtupu auchezeshe. Kisha akauinua karibu na macho yake.

"Na hiki?"

Gamba lilikuwa limebanduka, limeacha alama ya waridi.

"Hiki ni kidonda. Kidole kimechomwa." Macho yake yalishuka kwenye sindano zilizokuwa kwenye kikapu. "Dada. Juzi kichwa, leo kidole? Unafuma na mtoto mapajani?"

Fundi Sweta alitazama sakafu. Kama angesema si yeye, angebaki mtu mmoja tu wa kushukiwa. Alimhisi mkwewe pembeni, amekauka kama ubao. Akajua pia kwamba akinyamaza, lile begi litatoka mlangoni, na hataweza tena kulaumu mtu.

"Nitakuwa mwangalifu zaidi, Mwalimu," alisema.

"Utakuwa mwangalifu kwa nani? Mtoto anaondoka." Akanyoosha mikono. "Nileteeni."

"Ni mimi."

Mwalimu aligeuka.

"Nilimkata mimi, Mama. Namkata kucha, nikakata na nyama. Huyu hakuwepo. Amekuja kujua baadaye, na hakunisema kwa mtu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kumchukua."

"Nimekuja hivyo hivyo," alisema Mwalimu, na haikuwa sauti ya darasani. Akakaa kwenye kochi, juu ya sungura wa bluu, akamtoa chini yake, akamtazama kana kwamba naye alitaka kumuuliza swali. Mtoto alikuwa anakigundua kidole chake, anakitafuta kwa mdomo, anakikosa.

"Mama," alisema mkwe, taratibu, kwa heshima yote aliyofundishwa na mwanamke yuleyule, "nje baridi. Na sweta lake halijaisha. Hawezi kusafiri na mkono mmoja."

Mwalimu alimtazama binti yake. Akamtazama mkwe wake wa kiume, ambaye alikuwa analishusha begi kutoka begani polepole, kama mtu asiyetaka kushtua ndege. Halafu akamgeukia Fundi Sweta.

"Huo mkono utakwisha lini, Dada?"

Ulikuwa umebakiza sentimita kumi na mbili. Kwa mtu wa miaka thelathini na moja kwenye kazi hiyo, ungekwisha kabla ya basi la saa sita. Wote mle ndani walilijua hilo, na Mwalimu, aliyewahi kupokea masweta ya darasa zima yaliyofumwa ndani ya wiki moja, alilijua kuliko wote.

"Mkono wa mtoto una mambo mengi, Mwalimu," alisema Fundi Sweta.

Mwalimu akaguna. Akavua viatu, kwanza kimoja, kisha cha pili, akavisogeza chini ya kochi. "Haya. Kuna chai katika nyumba hii, au ndiyo nayo haijaisha?"

Mkwe akaenda kubandika birika. Fundi Sweta akavuta kikapu, akaitoa sindano yenye ile mistari minane. Akaigeuza kwenye mwanga, akaikagua upande huu na upande ule. Haikuwa na kosa lolote. Akaifumua yote, akaanza upya.